Mashine Haimfanyi Mtu Kuwa Prodyuza

Vijana wa Chikongola, Mtwara, wanaotengeneza biti wana imani moja iliyoanza kunichosha: kwamba prodyuza wa kompyuta bado ni mwanafunzi, na mwenye mashine ndiye fundi aliyehitimu. Wakikaa kijiweni utasikia mashine za MPC, 808 na Moog zikitajwa kama wachezaji wa Simba na Yanga. Anayefanya kazi kwenye kompyuta ya mtumba, hata kama biti zake ndizo zinazorusha vumbi kwenye kila kigodoro, anaambiwa "huyu anabofya tu". Na yeye mwenyewe, maskini, anakubali. Anausubiri msimu wa korosho, mzee auze mnadani, apate chochote, aagize kisanduku ambacho kwa bei yake angeanzia bodaboda.

Ni upuuzi, na wanaoueneza hawajui hata hizo mashine zilitoka wapi.

TR-808 ilitolewa na kampuni ya Roland ya Japani mwaka 1980, imsaidie mwanamuziki asiye na mpiga ngoma. Sauti zake hazikufanana na ngoma za kweli, wanunuzi wakaipa mgongo, na 1983 kiwanda kikaacha kuitengeneza. Mdogo wake, TB-303, aliyetengenezwa kushika nafasi ya mpiga besi, alidumu sokoni miaka michache tu na kuishia kwenye maduka ya vitu vilivyotumika. Ndiko vijana weusi wa Chicago walikomwokota. Kundi la Phuture waliizungusha ile 303 vitufe mpaka ikatoa mlio ambao waliounda mashine hawakuwahi kuuwazia, na 1987 wakatoa "Acid Tracks". Hawakuichukua kwa sababu ilikuwa bora. Waliichukua kwa sababu ilikuwepo na mfuko uliiweza. Leo 808 nzima inauzwa kwa pesa ya gari la mtumba, na kijana wetu anadhani akiinunua amewafuata wale wa Chicago. Wale wa Chicago walinunua kilichodharauliwa. Hapa kwetu kilichodharauliwa ni kompyuta iliyotolewa na ofisi fulani, imebaki na stika ya namba ya mali ubavuni.

Wala hatuhitaji kwenda Chicago. Dar es Salaam iliona haya kwenye mchiriku: kinanda kidogo cha Casio, kile cha kuchezea watoto, kinapitishwa kwenye amplifaya chakavu na spika za tarumbeta, ngoma zinapigwa pembeni, mtaa mzima haulali. Wakubwa wakauita uhuni. Kundi la Jagwa Music waliendelea na uhuni wao mpaka 2012, ambapo lebo ya Crammed Discs ya Ubelgiji ikatoa albamu yao, "Bongo Hotheads". Kisha ikaja singeli, mtoto wa mchiriku, na Casio ikaipisha kompyuta. Mburahati, kwenye studio ya Sisso, kipande cha taarabu kinakatwa, kinazungushwa, kinaongezwa kasi hadi kuvuka midundo 200 kwa dakika. Mwaka 2017 Nyege Nyege Tapes ya Kampala ikatoa "Sounds of Sisso", na muda si mrefu jamaa wakawa wanaitwa kwenye matamasha ya Ulaya. Yaani watu ambao mashine zote wanazo majumbani mwao walimtumia tiketi ya ndege mtu mwenye laptopu.

Sasa turudi Mtwara, maana hapa pana hoja ambayo Ulaya hawaijui. Ingia studio yoyote ya mtaani: chumba kimoja, treya za mayai ukutani, godoro limesimamishwa nyuma ya maiki, feni imezimwa isiingie kwenye sauti. Weka humo mashine ya bei mbaya. Upepo wetu una chumvi. Siku zinakwenda, vile vitufe vya kuzungusha vinaanza kukwaruza. Ukigusa, sauti inaruka, ukiachia, inazama. Utaipeleka kwa nani? Fundi redio atasafisha, atapuliza, atakurudishia, na kipuri kikifa ndiyo basi, kinaagizwa nje. Kompyuta ikigoma, fundi yuko mtaa wa pili na RAM anayo kwenye droo. Akishindwa kabisa, kama kazi uliihifadhi kwenye flashi, jioni hiyohiyo unaendelea kwenye kompyuta ya rafiki.

Halafu kuna suala la sauti zenyewe, ambalo mimi nalipa uzito kuliko pesa. Ngoma ya 808 ni ileile waliyoiunda Wajapani 1980. Wewe umezaliwa kwenye ngoma ya sindimba. Umeona ngozi ya ngoma inavyokaushwa motoni kabla ya kupigwa, ikaze, mlio uchomoze. Rekodi mlio huo, hata kwa simu, uingize kwenye programu ya FL Studio, ukate, ushushe, ufanye kiki, ule mdundo mzito wa biti. Najua utaniambia MPC nayo inarekodi na kukata. Ndiyo, kwa sababu MPC ni kompyuta! Tangu ile ya kwanza ya 1988, ifungue uone: prosesa na kumbukumbu ndani ya kasha lenye pedi za kugonga. Unalipia kompyuta ya pili yenye kioo kidogo kuliko ya kwanza, kisha unaicheka ya kwanza.

Kompyuta ina ugonjwa wake, sikatai. Mtu anapakua kiki elfu, anakesha akichagua moja, asubuhi biti haipo. Wa mchiriku hawakuwa na maradhi hayo. Casio ilikuwa na sauti zake chache, ukipenda usipende. Lakini dawa ya ugonjwa huo haiuzwi dukani. Futa, bakiza kiki tano. Na kama vidole vinawasha kugonga kitu, kipo kibodi kidogo cha kuchomeka kwa USB.

Pesa ya korosho ikiingia, nunua UPS, kwa sababu umeme ukikatika kabla hujahifadhi, usiku mzima umekwenda. Nunua na diski ya nje. Spika nzuri zitafuata. Na yule ambaye maneno yote haya hayajamgusa, ameshatuma pesa na mzigo uko njiani, basi akifungua boksi aanze kwa kugeuza adapta asome maandishi. Nyingine za Japani zinataka volti 100 tu, na kwenye soketi zetu inatoka 230.