Nyumba Yako Usiipangie Bei kwa Deni Lako

Swali ninaloulizwa sana siku hizi si la mbolea. Ni hili: nyumba yangu ya hapa kijijini niiuze shilingi ngapi? Mimi ni bwana shamba, si mthamini wa majengo. Ila nawashangaa: watu wanaojua kukataa lumbesa sokoni, wakifika kwenye nyumba wanataja bei ya kubahatisha.

Wengi wanaanzia kwenye shida. Mtu anadaiwa milioni sita, basi nyumba anaitangaza milioni sita. Mnunuzi hanunui deni lako. Akijua una haraka atakupa nne na nusu, nawe utapokea. Wengine wanajumlisha kila mfuko wa saruji, kila bati na kila siku ya fundi, wanapata milioni ishirini na mbili, halafu wanangoja mteja mwaka mzima. Kijijini nyumba mara nyingi hairudishi gharama iliyoijenga. Inauma, lakini mwenye fedha anajua kwamba angeweza kununua kiwanja na kujenga anavyotaka yeye.

Anzia kwenye fedha zilizolipwa kweli. Jirani anaweza kutangaza kumi na tano akaambulia tisa, na wewe ukabaki umeshika ile kumi na tano. Tafuta nyumba tatu zilizouzwa karibuni hapo kwenu, waulize walionunua na waliokuwa mashahidi. Kisha linganisha na yako: ukubwa wa kiwanja, njia ya gari, umeme, maji, tofali za kuchoma au mbichi, hali ya msingi na bati.

Tuseme hizo tatu zilikwenda kwa milioni 9, 10 na 10.5. Yako ina umeme, zile hazina, ila iko mbali kidogo na barabara. Mimi ningetangaza milioni 11.5, na moyoni nisishuke chini ya 10. Nafasi hiyo inatosha kwa maongezi. Anayetaja 18 na kusema "maongezi yapo" anamfukuza mteja wa 11, kwa sababu huyo haji hata kuuliza. Miezi sita ikipita, watu wanaanza kusema nyumba ina kesi.

Na kesi ndizo zinazoshusha bei kuliko nyufa za ukuta. Mmezoea kuona kuta zilizoandikwa "nyumba hii haiuzwi", mnajua ni kwa nini. Nyumba ya familia haiuzwi bila ridhaa ya mwenzi wako. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema hivyo. Kama ni ya urithi, ndugu wakae kwanza na msimamizi wa mirathi ajulikane. Ardhi ya kijiji inahamishwa kwa idhini ya halmashauri ya kijiji, na ukiwa na hati ya hakimiliki ya kimila mnunuzi hana sababu ya kukukata kwa ajili ya hofu. Habari ya kodi waulize TRA kabla hujataja bei, si baada ya kupokea fedha.

Dalali mtumie ukipenda, lakini patana naye malipo kwa maandishi, na onana na mnunuzi wewe mwenyewe. Usipofanya hivyo ataweka cha juu, na bei itakayomkimbiza mteja wala hukuitaja wewe.

Angalia pia miezi. Mtwara na Lindi, fedha zinaonekana minada ya korosho ikianza, kuanzia Oktoba. Kutangaza nyumba Aprili huko ni kuwauzia watu wasio na kitu mfukoni. Kila eneo lina msimu wake, nanyi mnaujua kuliko mimi.

Jambo moja nalisisitiza, hasa kwako mama uliyebaki na watoto. Kabla hujataja bei yoyote, nenda kaulize bei ya kule utakakohamia. Kama hiyo milioni 10, ukitoa deni la 6, haipati kiwanja na vyumba viwili, basi nyumba isiuzwe mwaka huu. Nenda kwa mdai wako ukiwa na mtendaji wa kijiji, muandikiane kulipa kwa awamu mbili, moja baada ya mavuno haya na nyingine baada ya yajayo. Kama ana haraka, fikiria kwanza kukodisha kipande cha shamba kwa msimu mmoja.