Kofi Moja Halitoshi

Sinema ya In the Heat of the Night, iliyotolewa Marekani mwaka 1967, yatajwa hata leo kuwa ushahidi kwamba ubaguzi wa rangi ulianza kushindwa katika sinema za nchi ile. Sisi twakubali kwamba ilikuwa hatua. Lakini hatua moja siyo safari, nasi twaona yafaa wasomaji wetu waipime kwa makini.

Kisa chake ni cha mauaji. Tajiri wa Chicago, aliyekusudia kujenga kiwanda katika mji mdogo wa Mississippi, auawa usiku. Askari amkuta Mtu Mweusi akingoja gari moshi stesheni, naye amkamata papo hapo. Kumbe mtu yule, Virgil Tibbs, ni mpelelezi wa polisi wa Philadelphia, na mshahara wake wa juma, dola 162 na senti 39, wamshangaza mkuu wa polisi wa mji. Hatimaye mji uliomdharau ndio unaohitaji msaada wake.

Sidney Poitier, aliyemwigiza Tibbs, aliyajua mambo ya Kusini. Mwaka 1964 yeye na Harry Belafonte walipeleka fedha Greenwood, Mississippi, kwa wapigania haki ya kura, wakafukuzwa barabarani na watu wa Ku Klux Klan. Ndiyo maana hakutaka sinema hii ipigwe Kusini, na sehemu kubwa ikapigwa katika jimbo la Illinois. Tena Endicott, mwenye shamba la pamba, anapompiga Tibbs kofi, Tibbs amrudishia lake bila kusita. Watazamaji waliozoea kumwona Mweusi akiinamisha kichwa walishtuka, na walikuwa na sababu ya kushtuka.

Pamoja na hayo, hebu tuwatazame walio nje ya dirisha. Tibbs na mkuu wa polisi, wakienda kwa Endicott, wapita kando ya wachumaji pamba, Weusi, wameinama juani. Twawaona kwa kitambo kidogo, kisha gari laenda zake. Hakuna anayewauliza ujira wao ni kiasi gani, wala kama wao walikitaka kiwanda kile ambacho Endicott hakukipenda. Bingwa apewa heshima kwa sababu ya ubingwa wake. Mchumaji pamba abaki kuwa pambo la shamba. Hapo ndipo penye upungufu, kwa maana haki si zawadi ya mtu hodari peke yake. Ni stahili ya kila mtu afanyaye kazi.

Na kalamu ilikuwa mkononi mwa nani? Muziki ulitungwa na Quincy Jones, Mtu Mweusi. Lakini Stirling Silliphant aliyeandika mchezo, Norman Jewison aliyeuongoza, na Walter Mirisch aliyeutayarisha, wote walikuwa Wazungu. Hatuwalaumu, walifanya kazi njema. Twasema tu kwamba mwenye kalamu ndiye achaguaye nani aseme na nani anyamaze.

Tarehe 10 Aprili 1968, siku moja baada ya mazishi ya Martin Luther King, sinema hii ilipata tuzo tano za Oscar. Tuzo ya mwigizaji bora ilikwenda kwa Rod Steiger, aliyeigiza mkuu wa polisi. Poitier hakuwamo hata katika orodha ya waliopendekezwa. Yeye alikuwa ameipata tuzo hiyo mwaka 1964 kwa mchezo mwingine; mwanamume Mweusi wa pili, Denzel Washington, aliipata mwaka 2002. Miaka 38 ilipita katikati.

Basi tukionyeshwa uso mmoja mweusi na kuambiwa kwamba usawa umekwisha kufika, hapana budi tuulize: nani ameandika, nani ameshika fedha, na wale walioinama shambani watasema lini? Kidole kimoja hakivunji chawa.