Chupa yetu iko ndani ya turbini

Vijana wa Ibanda, Kadutu na Bagira, na nyinyi wenzetu wa Goma na Uvira,

Umeme ukienda usiku, tuko na mazoea: tunatukana kampuni ya umeme, tunatukana serikali, tunatukana hata jirani mwenye jenereta. Mara nyingi tuko na haki. Mashini zimezeeka, nyaya zinaning'inia juu ya manyumba kama kamba za kuanikia nguo, na faktire inafika hata kwa mwezi wenye tulikaa gizani. Juu ya mambo hayo tumekwisha kuandika, na tutaandika tena. Lakini leo tunataka kuongea sababu ingine ya giza, yenye haitufurahishi, sababu inatoka kwenye mikono yetu.

Ziwa Kivu iko na mulango mumoja tu wa kutokea, njo Ruzizi. Maji yote yanayotoka ziwani yanapita hapa Bukavu, kisha yanashuka kuelekea ziwa Tanganyika. Chini kidogo ya muji yanakutana na baraji ya Ruzizi I, iliyojengwa mwisho wa miaka ya 1950, mbele ya uhuru. Mashini zake zote zikitembea vizuri, inatoa karibu megawati 30. Chini yake tena iko Ruzizi II, ya mwaka 1989, yenye megawati zaidi ya 40, na ile tunaigawana na Rwanda na Burundi. Hakuna mazutu inayochomwa pale, hakuna moshi. Wakubwa wetu wakienda kwenye mikutano ya klima wanasema Kongo ni inchi ya nishati safi, na kwa upande huu hawadanganyi: maji yanashuka, turbini inazunguka, taa inawaka.

Sasa fuata chupa moja ya plastiki. Umenunua maji kwenye soko ya Kadutu, umekunywa, umetupa. Pubele hakuna, basi umetupa kwenye mufereji kama kila mutu. Mangaribi mvua inanyesha. Bukavu ni milima, maji hayaulizi njia: mufereji unaingia Kawa, Kawa inaingia ziwani. Upepo na mukondo wa maji vinaisukuma ile chupa polepole mpaka kwenye ule mulango mumoja. Pale kwenye baraji kuna vyuma vilivyopangwa kama dirisha la gereza, vya kuzuia takataka zisiingie ndani ya mashini. Chupa inafika pale na kukuta wenzake elfu na elfu, pamoja na sandali, magunia, sashe, majani. Zenye kuelea, wafanyakazi wanazitoa kwa mikono. Zenye kuzama ni shida kubwa zaidi, sababu inaomba mutu aingie chini ya maji azitafute. Maji ya kuzungusha turbini yanapunguka, mashini inachoka, na siku ingine inaharibika na kusimama. Njo delestaji. Kartiye yako inaingizwa kwenye zamu, ao hata zamu yenyewe haiko.

Hii haiko hadisi ya kutishia watoto. Wenye kufanya kazi kwenye baraji wamelalamika mbele ya waandishi wa habari, na picha za ile plastiki ya Ruzizi zimeonekana mbali na hapa.

Na giza haiishii kwenye taa. Mama akichoka kungojea umeme, anarudilia makala. Hata mwenye iko na resho ya umeme anaweka gunia ya makala pembeni, sababu hawezi tena kuamini waya. Na sehemu ya makala yenye tunachoma Bukavu inatoka kwenye parke ya Kahuzi-Biega, nyumba ya gorila, iliyowekwa mwaka 1970 na kuingizwa kwenye orodha ya UNESCO mwaka 1980. Miti inaanguka, milima inabaki uchi, mvua inateremusha udongo. Mwezi wa tano 2023, kule Kalehe, tulizika watu zaidi ya 400 wa Bushushu na Nyamukubi. Hatusemi makala njo iliwaua. Mvua ya siku ile ilikuwa kali sana. Lakini mulima wenye miti unashika udongo kuliko mulima wenye visiki, hata mutoto wa primeri anajua.

Kuna hubiri moja tunaisikia kila siku: raia ni wachafu. Viongozi wanaipenda sana, sababu inawatoa kwenye deni. Mama mwenye kuuzisha nyanya Kadutu analipa takse, anapewa kakaratasi, na takataka inalala palepale mbele ya meza yake. Ile pesa inaenda wapi? Na sheria iko. Dekreti ya tarehe 30 Desemba 2017 inakataza kutengeneza, kuingiza, kuuzisha na kutumia mifuko na sashe za plastiki. Rwanda ilikataza mifuko hiyo mwaka 2008, na ukivuka pale Ruzizi na sashe mukononi wanakunyanganya. Ukirudia kwetu, unanunua nyanya mbili, wanakupatia sashe. Na daraja hiyo unaivuka kwa miguu, dakika chache tu.

Tuangalie kitu kimoja. Umekwisha kuona chupa ya Primus imelala kwenye Kawa? (Wenye kupenda ubishi watasema ingezama. Sawa, lakini hata kwenye mufereji mukavu huioni.) Ni sababu vidanji iko na bei. Ukiipoteza unalipa, na mutoto akiiokota anaikimbiza kwa mwenye kantini. Wenye kunywa bia na wenye kunywa maji ni watu wa muji mumoja, tabia yao ni moja. Tofauti ni ile pesa kidogo iliyofungwa kwenye chupa. Basi kampuni zenye kujaza maji na juisi kwenye plastiki ziweke na zenyewe vidanji, zipokee chupa zao. Bei itapanda kidogo, tunajua, na kwa mutu mwenye anahesabu kila franka hiyo haiko jambo dogo. Lakini pesa inarudi ukirudisha chupa. Ile tunayolipa sasa, kwa mishumaa na makala, hairudi.

Na sisi wenyewe? Kwenye maandamano yetu moja tulibeba mabango ya kuomba umeme, na nyuma yetu chupa na sashe zikabaki kwenye mufereji. Mama mumoja mwenye kuuzisha pale alituambia: «Watoto wangu, muko munaomba umeme na munaufunga.» Tulinyamaza. Tangu siku ile, kila tukitoka barabarani, watu wawili wanatembea nyuma na magunia.

Katiba yetu, kwenye kifungu cha 48, inatuahidi maji ya kunywa na umeme. Kile tunakisoma kwa sauti kubwa. Kifungu cha 53 kinatupatia haki ya mazingira safi, na palepale kinatupatia kazi ya kuyatetea. Kile tumezoea kukisoma nusu.

Kwa hiyo tunaomba, kwa yeyote mwenye anakaa kwenye kiti cha meri leo ao kesho: bandika ukutani hesabu ya takse ya usafi, iliyoingia na iliyotumika. Weka pubele na gari ya kutoa takataka kwenye soko ya Kadutu na kando ya Kawa, na gari ipite kila siku. Kwa watu wa duwani: ile dekreti muko nayo kwenye meza, muifungue. Kwa kampuni za maji na juisi: vidanji.

Siku ya Posho, saa moja ya asubuyi, tutafanya salongo kwenye Kawa, chini ya soko. Leta gunia, bote na glovu kama uko nazo. Mwenye hana aje vilevile. Chupa zote tutazipanga na kuzihesabu kufuatana na jina lililoandikwa juu yake. Ile hesabu tutaifunga pamoja na barua, na siku ya kwanza tutaipeleka meri kwa miguu. Nakala ingine itaenda kwa kila kampuni yenye jina lake litapatikana ndani ya magunia.