MKOPO WA CHUO SI SADAKA YA KIGOGO!

Vijana wa Manzese mnaolia mtandao unasumbua, fikeni Utende, Mafia! Bodi ya Mikopo iliundwa kwa Sheria Namba 9 ya mwaka 2004, kwa jasho la walalahoi. Mbona basi mtoto wa mvuvi anaachwa? Fomu! Cheti cha kuzaliwa hakijahakikiwa RITA, cha kifo cha baba hakipo, muhuri wa kijiji umesahauliwa. Mtoto wa kigogo ana wakili sebuleni. Huyu anahangaika hadi Kilindoni. Huu ni mchujo wa masikini!

Msiwape kisingizio. Hakikini vyeti mapema, majina yafanane, kaya ikiwa TASAF andikeni, nakala tunzeni. Wakiwanyima, kateni rufaa. Wakiziba masikio, sanduku la kura lipo!