Daftari la Wiki: Hariri ya Tandika

Jumatatu. Wajukuu wanataka vitambaa vya rangi vya kuchezea, nami nimejitia kujifunza kutia rangi ukubwani. Sokoni Tandika nikachambua lundo la skafu za mtumba. Muuzaji aliapa zote ni hariri. Kwake kila kinachoteleza ni hariri. Nikachukua 3.

Usiku nilichomoa uzi kwenye kila skafu nikauunguza kwa mshumaa. Nyuzi mbili ziliyeyuka zikaganda kama shanga nyeusi: polista. Wa tatu ulinuka nywele zilizoungua, ukaacha majivu ya kusagika vidoleni. Huo ndio hariri. Hariri ni mate ya kiwavi wa mforsadi yaliyoganda, protini kama nywele zetu.

Jumatano. Jirani yangu hapa Mbagala hutengeneza batiki, akaniletea kostiki soda na haidrosalfaiti. Nilikataa kwa adabu. Pamba huvumilia kostiki. Hariri huliwa, na ngozi ya mtoto pia.

"Sasa mzee wangu, utatumia mate?"

Siki, mama. Hariri hushika rangi penye asidi kidogo, na rangi za keki zinatosha. Nililoweka skafu zote nusu saa katika maji yenye siki, kisha nikazitia kwenye sufuria ya rangi, moto mdogo, bila kuyaacha maji yatokote. Ile ya hariri ikainywa rangi hadi maji yakabaki karibu meupe. Nilisimama nikiyatazama kama mtoto. Za polista? Suuzo la kwanza tu, rangi yote kwenye mfereji.

Alhamisi. Mvua, tope, umeme hakuna. Nikamwaza William Perkin, kijana wa miaka 18 aliyekuwa London mwaka 1856 akihangaika kutengeneza kwinini ya kutibu malaria. Dawa hakuipata, aliambulia mashapo meusi, na ndani yake zambarau iliyoshika hariri barabara. Biashara ya rangi za viwandani ilianzia hapo. Mbu wa Mbagala wanastahili mgao wao.

Ijumaa. Nimejaribu manjano ya jikoni. Yanawaka, lakini jua huyafifisha upesi. Kwa mchezo si hasara, unatia tena.

Jumamosi. Hariri imekuwa mto, kilemba cha bwana harusi, kisha wavu wa kukamatia kuku wa jirani. Polista nazo zimefungwa mabegani, zimekuwa mbawa. Watoto hawakuuliza ipi ni ipi. Mimi niliyelipa bei ya hariri mara 3 ndiye ninayeuliza. Ukienda kununua, omba uzi mmoja uuchome kabla hujatoa pesa.