Kifaa Kifuate Mtu: Ilani Kutoka Bariadi

Sisi tunaotoa ilani hii ni watumiaji wa viti mwendo, magongo, fimbo nyeupe na shimesikio. Ni wazazi, walimu, mafundi baiskeli na wachomeleaji. Ni wahitimu wa uhandisi tunaotaka kuendelea hadi uzamili na uzamivu. Tunatoka Bariadi, Itilima, Maswa, Meatu na Busega, mkoani Simiyu. Dai letu ni moja: uhandisi wa vifaa saidizi usomewe mahali kifaa kitakapotumika, na anayekitumia awe miongoni mwa wanaompa mwanafunzi alama.

TUNACHOKIONA

Njia nyingi za kwenda zahanati, shuleni au kwenye ghala la pamba hupita mbugani. Mvua ikinyesha, udongo mweusi hunata. Kiti mwendo kilichobuniwa kwa ajili ya korido za hospitali kina magurudumu mawili madogo mbele. Kwenye tope hilo huzama, udongo hujaa kati ya gurudumu na uma wake, na mzunguko unakoma. Msukumaji hukigeuza kiti na kukiburuta kinyumenyume, aliyekikalia akitazama alikotoka. Kiangazi ardhi ile ile hupasuka, na gurudumu hunasa kwenye ufa. Beringi ikifa, kipimo chake hakipatikani kwenye duka la spea za baiskeli. Kiti kinaegeshwa ukutani, kinaanikiwa nguo.

Mtoto mwenye ualbino anakalishwa dawati la mbele na bado haoni ubao. Anahitaji lenzi ya kukuza, darubini ndogo ya mkononi, maandishi makubwa, na darasa ambalo mwanga wa dirisha haumpigi machoni. Huo nao ni uhandisi.

Shida hii si ya Simiyu peke yake. Ripoti ya WHO na UNICEF ya mwaka 2022 inasema zaidi ya watu bilioni 2.5 duniani wanahitaji angalau kifaa saidizi kimoja, na kwamba katika baadhi ya nchi maskini wanaokipata ni 3 tu kati ya kila 100 wanaokihitaji.

TUNACHOKIAMINI

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mwaka 2005 Amos Winter, akiwa mwanafunzi wa uzamili katika chuo cha MIT nchini Marekani, alikuja Tanzania kuchunguza mahitaji ya watumiaji wa viti mwendo. Baadaye yeye na wenzake walibuni kiti kinachoendeshwa kwa nyenzo mbili za mkono: ukishika juu unapata nguvu ya kupanda mlima na kuvuka tope, ukishika chini unapata mwendo. Walitumia vipuri vya baiskeli ili fundi wa mtaani aweze kukitengeneza. Kilipojaribiwa Afrika Mashariki, kilifanya vizuri njiani, lakini ndani ya nyumba watumiaji wakakiona kizito na kipana mno. Wabunifu wakarudi kwenye michoro wakakipunguza. Hesabu za nyenzo zilikuwa sawa; kasoro waliiona waliokikalia.

Msingi tunao. Chuo cha TATCOT pale hospitali ya KCMC, Moshi, kinafundisha wataalamu wa viungo bandia tangu miaka ya 1980. Arusha ipo Taasisi ya Nelson Mandela, iliyoanzishwa kwa ajili ya masomo ya uzamili na uzamivu katika sayansi na teknolojia. Tunataka elimu hiyo ifike kwetu, Mwanhuzi na Lagangabilili, ikae, isikilize.

TUNACHOKIDAI

1. Mwanafunzi wa uzamili akae na watumiaji masika na kiangazi kabla ya kukamilisha mchoro wake.

2. Mtumiaji aketi kwenye jopo la watahini, alipwe posho sawa na mtahini mwingine, na neno lake liweze kuirudisha tasnifu.

3. Kifaa kinachobuniwa kwa ajili yetu kitengenezeke Bariadi. Kama kipuri chake kinaagizwa ng'ambo, kazi haijaisha.

4. Vijana wenye ulemavu wapewe kipaumbele katika ufadhili wa masomo haya, na karakana ziwe na meza za kimo chao na wakalimani wa Lugha ya Alama.

5. Serikali itenge fungu la utafiti huu. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, na ibara yake ya 4 inazitaka nchi kufanya au kuhimiza utafiti wa teknolojia saidizi, zikitanguliza zile za bei nafuu. Mwaka 2010 tukatunga sheria yetu wenyewe ya watu wenye ulemavu. Sahihi ilishawekwa, sasa tunaomba bajeti.

TUNACHOKIAHIDI

Tutawapokea wanafunzi majumbani mwetu. Mafundi watawafungulia vibanda vyao. Watumiaji tutasema ukweli kuhusu kifaa hata kikiwa cha zawadi. Na hatutapanga mstari wa kupigwa picha kwenye hafla ya makabidhiano ya viti ambavyo havikupimwa kwa mwili wa mpokeaji, kwa sababu kiti kisichomtosha mtu humletea vidonda vya mgandamizo, na vidonda hivyo huua.

Wewe mhitimu unayetafuta mada ya tasnifu, usisubiri barabara ikauke. Njoo mvua zikianza, ulete daftari na spana. Wasimamizi wako wapo tayari.