Mababu Hawakudanganywa na Kombe

Kuna kauli inayorudiwa mno katika semina zetu, nayo imenichosha: kwamba watu wa bara waliuza wenzao kwa makombe ya pwani kwa kuwa hawakujua thamani ya vitu. Ikisemwa, darasa hucheka. Mimi natoka Nchelenge, kando ya Ziwa Mweru, na sioni cha kuchekwa.

Kombe lenyewe ni la konokono koni, mwindaji wa bahari za joto anayechoma windo lake kwa jino lenye sumu. Sumu ya baadhi yao imeua hata watu. Katika maji matamu ya Mweru hayupo. Kilichofika bara ni kitako cha kombe, kilichokatwa kikawa kisahani cheupe chenye mstari unaojizungusha. Kwa Kibemba huitwa impande, na ilikuwa alama ya wakubwa.

Mwaka 1854 Livingstone alipokuwa kwa chifu Shinte, kaskazini-magharibi mwa Zambia ya leo, alivishwa kombe la namna hiyo kuwa ushahidi wa urafiki. Akaandika na bei: mawili yalinunua mtumwa, matano yalikuwa malipo mazuri kwa pembe ya ndovu ya pauni 10.

Hapo ndipo wenzangu hucheka. Basi niambieni, dhahabu huliwa? Kitu kilichotoka baharini kikapita mkono kwa mkono hadi katikati ya bara ni adimu, na adimu ni ghali popote. Wazungu walilielewa hilo upesi, wakatengeneza impande za bandia kwa kaure. Nani hughushi kitu kisicho na thamani?

Tena kauli hiyo inamwachilia nani? Mnunuzi. Muuzaji akiwa mjinga, mnunuzi anabaki mjanja tu, wala si mwovu. Na muuzaji naye anapona, maana mjinga halaumiwi. Mimi nasema chifu aliyeuza mtu aliijua bei vizuri sana, na ndiyo sababu namlaumu.

Livingstone alipofika kwa Mwata Kazembe mwaka 1867 alimkuta Muhammad bin Saleh, mfanyabiashara kutoka pwani, aliyekwisha kukaa huko miaka mingi. Mwaka huohuo Tippu Tip alimshinda Nsama wa Watabwa, jirani zetu, akachukua pembe zake. Alisimulia mwenyewe, kwa Kiswahili, katika tawasifu yake. Sisi tunaisoma kwa ajili ya lugha! Tunachambua viambishi vyake, tunasifu usimulizi, kisha tunafunga kitabu. Ng'ambo ya ziwa, Kilwa ya Kongo, Kiswahili kingali kinazungumzwa, na njia zilizokifikisha bara zilikuwa hizohizo za pembe na watumwa.

Kwa hiyo katika semina ijayo, atakayetaja makombe ataje pia waliobebeshwa pembe kutoka Mweru, na nani alizipokea pwani.